Bahasha na Stempu za Kale za Ufini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni kipi hasa kinachokusanywa, stempu au bahasha?

Vyote viwili hukusanywa, lakini havina uzito sawa. Stempu iliyobanduliwa hueleza kwamba ilichapwa na kwamba ilitumika, basi. Bahasha nzima iliyopita posta hueleza ilikotoka na ilikokwenda, siku ilipopokelewa, njia iliyofuata, kiasi kilicholipwa na, mara nyingine, mkono wa serikali ulioifungua kabla mwenyewe hajaisoma. Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi hadi mwaka 1809, ikawa Utemi Mkuu chini ya Kaisari wa Urusi, ikajitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917, kisha ikapigana vita viwili na jirani yake wa mashariki kati ya mwaka 1939 na 1944. Mabadiliko yote hayo yameacha alama zake juu ya bahasha. Ndiyo maana majibu yaliyo hapa yameelemea upande wa bahasha, na anayependa stempu peke yake avumilie kidogo.

Posta ya Ufini ilianza lini, na je, barua za kabla ya stempu zinakusanywa?

Huduma ya posta ilianzishwa mwaka 1638 na Gavana Mkuu Per Brahe, wakati nchi ilikuwa ingali chini ya taji la Uswidi. Barua zilibebwa na wakulima waliokaa kando ya njia ya posta, ambao kwa kazi hiyo walisamehewa baadhi ya wajibu wao kwa serikali. Njia iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka Stockholm hadi Turku kupitia visiwa vya Åland, ambako mashua ilivuka bahari kati ya Grisslehamn na Eckerö. Wakati wa baridi barafu ilipokuwa nzito mno kwa mashua lakini nyepesi mno kwa mguu wa mtu, wabebaji waliikokota mashua juu ya barafu na kuirudisha majini palipofunguka, na wengine hawakurudi nyumbani. Anayefika Eckerö leo ataliona jengo la posta na forodha lililosanifiwa na Carl Ludvig Engel na kukamilika mwaka 1828, jengo kubwa kupita kiasi kwa kijiji kidogo, kwa kuwa Urusi ilitaka mgeni atokaye magharibi aone ukubwa wa himaya anapotia mguu tu.

Barua za wakati huo hukusanywa sana. Hazina bahasha tofauti, kwani karatasi yenyewe ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri na kuandikwa anwani kwa nje. Zinazotafutwa zaidi ni barua za kiserikali zilizochomekwa unyoya wa ndege kwenye lakiri, ishara ya kwamba barua ni ya haraka na mbebaji asiiweke chini. Unyoya ukikatika hubaki kipande cha shina ndani ya lakiri, na wauzaji waaminifu husema hivyo waziwazi; unyoya mzima, safi na ulionyooka juu ya karatasi iliyochakaa unastahili kutazamwa mara mbili.

Stempu ya kwanza ilitolewa lini?

Tarehe 3 Machi 1856, kwa thamani mbili: kopeki 5 ya buluu na kopeki 10 nyekundu. Zote zina umbo la yai lenye ngao ya simba na tarumbeta za posta, na hazina meno ya kupasulia kwenye kingo, kwa hiyo zilikatwa kwa mkasi. Kopeki 5 ilitosha kwa barua iliyokwenda umbali usiozidi versta 125, yaani kilometa 133 hivi, na kopeki 10 ilihitajika kwa umbali uliozidi hapo.

Hata hivyo, mwaka 1856 si mwanzo wa malipo ya kabla. Ufini ilikuwa imekwisha kuuza bahasha zenye chapa ya malipo tangu tarehe 1 Januari 1845, na bahasha hizo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani. Mwaka 1850 chapa yake ikabadilishwa kuwa ya umbo la yai, na ndiyo iliyozaa stempu za 1856: zilipigwa moja moja kwa mkono, na kwa sababu hiyo baadhi ya stempu zilizobaki pamoja jozi zimekaa moja wima na nyingine kichwa chini. Jozi ya namna hiyo ni hazina ya mnada mkubwa na si ya duka la kawaida.

Tazama kwa makini ndani ya midomo ya tarumbeta, nawe utaona vijidoa vidogo kama lulu. Kwenye stempu ya kopeki 5 lulu hizo ni ndogo katika toleo la 1856 na kubwa katika toleo la 1858, na tofauti hiyo, isiyoonekana bila kioo cha kukuza, hubadilisha bei kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini stempu nyingi za 1856 zimechorwa kwa wino wa kalamu?

Kwa sababu hivyo ndivyo zilivyofutwa mwanzoni: karani wa posta aliipitishia stempu kalamu, kwa kawaida akiandika jina la mji, ili isitumike tena. Mara nyingi aliongeza na muhuri kando yake au juu yake, na stempu iliyobeba vyote viwili hupendwa zaidi. Wino wa kalamu unaweza kuoshwa kwa dawa, na stempu iliyooshwa ikauzwa kama mpya au ikapigwa muhuri wa bandia. Karatasi yenye weupe usio wa kawaida, au rangi iliyopauka mahali pamoja tu, ni dalili ya kazi hiyo.

Stempu za 1860 zina meno marefu ya ajabu. Yalitengenezwaje?

Hapa ndipo Ufini inapojulikana na wakusanyaji wa dunia nzima. Nchi nyingi zilitoboa matundu kati ya stempu na stempu. Ufini ilitumia visu vilivyopindapinda, ambavyo vilikata karatasi kwa mstari wa mawimbi bila kuondoa chembe yoyote. Stempu moja inapotengwa na jirani yake hubaki na ndimi ndefu, na kila ulimi huingia katika pengo la stempu iliyokuwa karibu yake kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana.

Ndimi hizo hutofautiana kwa kina, na katalogi, yaani vitabu vya orodha na bei za stempu, huzigawa katika aina nne. Aina ya kwanza ina kina cha milimita 1 hadi 1.25, ya pili milimita 1.5 hadi 1.75, na ya tatu milimita 2 hadi 2.25, aina ya nne haitambulikani kwa kina bali kwa umbo, kwa kuwa ulimi wake hupanuka kwenye ncha mfano wa sepeto. Stempu ya thamani moja na rangi moja inaweza kupatikana katika aina zaidi ya moja, na moja kati ya hizo ikawa ya kawaida ilhali nyingine ni adimu. Kipimo cha plastiki chenye milimita zilizogawanywa vizuri hutosha kwa kazi hiyo. Jicho peke yake halitoshi.

Karatasi nayo ni ya kuangaliwa. Ipo iliyo laini na ipo yenye mistari myembamba inayoonekana ikielekezwa kwenye mwanga, na katika baadhi ya thamani tofauti hiyo pekee huhamisha stempu kutoka kwenye sanduku la vitu vya bei rahisi hadi kwenye kabati la kufungwa kwa ufunguo.

Stempu yangu ya meno marefu imekatika ndimi mbili. Je, haina thamani?

Ina thamani. Stempu hizi zilipasuliwa kwa mkono na makarani wenye haraka, mara nyingi katika vyumba vya baridi, na ndimi zilikatika siku ileile zilipouzwa. Stempu yenye ndimi zote ni adimu kiasi kwamba mnada huitaja sifa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, na bei yake huwa mara nyingi zaidi ya ile ya stempu ya kawaida. Ndimi moja au mbili fupi ni hali inayotarajiwa, na bei za katalogi zimezingatia hilo. Ogopa zaidi stempu ya bei ndogo yenye ndimi kamili zisizo na dosari: wapo mafundi wanaobandika ndimi mpya kwa vipande vya karatasi ya zamani. Ukiielekeza stempu hiyo kwenye taa kali, au ukiitumbukiza katika majimaji yanayotumika kuonyesha alama za maji zilizofichika ndani ya karatasi, maungio hujitokeza kama mistari meusi.

Baadhi ya stempu za Ufini zimeandikwa kopeki na nyingine penni. Kwa nini?

Mwaka 1860 Ufini ilipewa sarafu yake, marka, yenye penni 100, na mwanzoni marka moja ilikuwa sawa na robo ya rubeli. Posta haikuifuata sarafu mpya papo hapo. Stempu za penni zilianza kutumika mwaka 1866. Uhusiano wa kopeki moja kwa penni nne hueleza thamani zinazoonekana kuwa za ajabu, kama ile stempu ya penni 32 ya mwaka 1875, ambayo ni kopeki 8 zilizogeuzwa sarafu. Stempu hiyo ilichapwa Copenhagen, ilhali zilizofuata katika mchoro huohuo zilichapwa Helsinki, na meno ya makundi hayo mawili hayafanani.

Stempu zenye tai wa Urusi na vijiduara ni za Ufini au za Urusi?

Ni za Ufini, japokuwa zilikusudiwa zisionekane hivyo. Mwaka 1890 Kaisari alitoa tangazo lililoiweka posta ya Ufini chini ya mamlaka ya posta ya Urusi, na mwaka uliofuata zikatolewa stempu zenye michoro ya Kirusi na thamani za kopeki na rubeli. Kwa kuwa rubeli na marka hazikuwa na thamani sawa, ilibidi stempu zilizouzwa Ufini zitofautishwe na zile za Urusi, ndipo vikaongezwa vijiduara vyenye nukta katikati ndani ya mchoro. Thamani za juu, za rubeli 3.50 na rubeli 7, ni ghali, na zimeghushiwa kwa njia rahisi: mtu huchukua stempu ya kawaida ya Urusi na kuichora vijiduara. Kwa stempu hizi, usinunue bila cheti.

Stempu ya maombolezo ni nini?

Hii si stempu ya posta hata kidogo, lakini hakuna mkusanyaji wa Ufini asiyeitamani juu ya bahasha. Katikati ya mwezi Agosti 1900 stempu za Ufini zilipigwa marufuku kwenye barua za kwenda nje ya nchi, na wananchi wakalazimika kubandika stempu za Kirusi. Wakajibu kwa kutoa lebo nyeusi yenye ngao nyekundu ya simba wa Ufini, iliyochorwa na msanii Akseli Gallen-Kallela, isiyokuwa na thamani yoyote ya kulipia barua. Mtu alibandika stempu ya Kaisari kama alivyoamriwa, kisha akabandika msiba wake pembeni. Serikali ilizikataza upesi.

Lebo pekee, mpya, hupatikana bila shida na bei yake si ya kutisha, ingawa za bandia zimejaa sokoni. Bahasha iliyosafiri kweli ikiwa nayo ni jambo jingine. Mambo matatu yaangaliwe: tarehe ya muhuri iwe ndani ya kipindi hicho kifupi cha mwaka 1900, stempu ya Kirusi iliyopo itosheleze gharama ya safari inayodaiwa, na kama muhuri umegusa lebo, wino wake uendelee bila kukatika kutoka kwenye lebo hadi kwenye karatasi ya bahasha. Wino unaoishia ukingoni mwa lebo, au unaopita chini yake, unasema kwamba lebo ilibandikwa miaka mingi baadaye.

Nianzie wapi kusoma mihuri ya bahasha?

Anza na jina la mji. Kwa muda mrefu wa karne ya 19 mihuri ilitumia majina ya Kiswidi, kwa hiyo Helsinki ni Helsingfors, Turku ni Åbo, Tampere ni Tammerfors, Hämeenlinna ni Tavastehus, Oulu ni Uleåborg na Viipuri ni Wiborg. Mji wa Vaasa uliitwa rasmi Nikolaistad tangu mwaka 1855 hadi 1917, kwa heshima ya Kaisari Nikolai wa Kwanza, na wageni wengi huutafuta kwenye ramani wasiuone. Kuelekea mwisho wa karne mihuri ilianza kubeba lugha tatu, Kirusi, Kiswidi na Kifini, na baada ya uhuru maandishi ya Kirusi yaliondolewa. Ipo hata mihuri ambayo Kirusi kilikwanguliwa kwa patasi na pengo tupu likabaki. Bahasha zenye pengo hilo ni za bei nafuu na zinasema mengi kuliko stempu zilizobandikwa juu yake.

Kisha soma tarehe, na hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Ingawa ilikuwa chini ya Kaisari, Ufini iliendelea na kalenda ya Gregori iliyorithi kutoka Uswidi, ilhali Urusi ilifuata kalenda ya Juliani iliyobaki nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20. Barua iliyotumwa Helsinki tarehe 20 Machi 1875 na kufika Saint Petersburg baada ya siku mbili itakuwa na muhuri wa kufikia wa tarehe 10 Machi. Muuzaji asiyelijua hili huiita bahasha hiyo ya kughushi na kuitupa katika sanduku la punguzo. Mnunuzi anayelijua huichukua kimya kimya.

Mwisho geuza bahasha. Mihuri ya kufikia na ya kupitia kwa kawaida ilipigwa nyuma, na huko ndiko hukaa mihuri ya treni. Reli ya kwanza, kati ya Helsinki na Hämeenlinna, ilifunguliwa mwaka 1862, na baadaye mabehewa ya posta yakawa na makarani waliochambua barua safarini; neno POSTILJONSKUPÉN likifuatwa na namba huonyesha behewa lililoishughulikia. Maneno FRÅN UTLANDET, yaani kutoka nchi za nje, mara nyingi ni dalili ya barua iliyoletwa kwa meli.

Stempu za Saarinen zinatafutwa kwa nini ilhali ni nyingi?

Kwa sababu ya wakati wake. Zilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1917, miezi miwili kabla ya uhuru, wakati mamlaka ya Urusi yalikuwa yanasambaratika. Mchoraji wake, Eliel Saarinen, ndiye msanifu wa stesheni kuu ya treni ya Helsinki, na mkono wake wa usanifu unaonekana katika simba mkavu, mnyoofu, asiye na mapambo ya kifalme. Zilitumika hadi mwaka 1930 katika rangi na thamani nyingi. Stempu moja moja hazina bei. Bahasha za miezi ya mwisho ya 1917, ambapo stempu za Saarinen zimebandikwa pamoja na za Kirusi zilizokuwa zikimalizika, ndizo za kutafuta.

Na stempu za Vaasa, Aunus, Inkeri na Karelia?

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Januari na Mei 1918, kusini ilikuwa mikononi mwa Wekundu, yaani wanamapinduzi wa kisoshalisti, na serikali ya wapinzani wao, Weupe, ilihamia Vaasa, ambako stempu zake zilichapwa. Zilitoka vita vikiwa vinakwisha, kwa hiyo nyingi hazikuona matumizi marefu. Bahasha zilizopita katika posta iliyoendeshwa na Wekundu kwa miezi hiyo michache ni chache zaidi, na ni somo linaloweza kumshughulisha mtu maisha yake yote.

Aunus, jina la Kifini la eneo la Olonets ng'ambo ya mpaka wa mashariki, ni stempu za Saarinen zilizochapwa jina hilo juu mwaka 1919, kwa ajili ya msafara wa Wafini wa kujitolea uliovuka mpaka kuingia Urusi. Inkeri ya Kaskazini ilitoa stempu zake mwaka 1920, na Karelia, zenye picha ya dubu, mwaka 1922, katika uasi uliozimwa wiki chache baada ya stempu hizo kutoka. Makundi haya matatu yana sifa moja inayofanana: za bandia ni nyingi sana, hasa za Aunus, kwa kuwa kuchapa neno moja juu ya stempu rahisi ni kazi ya jioni moja.

Je, ni kweli kwamba kuna stempu iliyochapwa mwaka usio sahihi?

Ni kweli. Tarehe 24 Septemba 1930, kwa ajili ya safari ya chombo cha anga Graf Zeppelin kutoka Helsinki, stempu ya marka 10 yenye picha ya ziwa Saimaa ilichapwa juu maneno ZEPPELIN 1930. Katika nafasi fulani ya karatasi, tarakimu moja ilikosewa na ikasomeka 1830. Kosa hilo ni ghali, na limeghushiwa kwa kuibadilisha tarakimu 9. Stempu sahihi juu ya bahasha iliyosafiri kwa chombo hicho inapatikana kwa bei inayovumilika na huvutia macho.

Barua za vita zina thamani gani?

Kwa fedha, mara nyingi ni ndogo. Kwa habari, ni kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa. Vita vya Majira ya Baridi vilianza tarehe 30 Novemba 1939 na kumalizika tarehe 13 Machi 1940. Vilivyofuata vilianza Juni 1941 na kuisha Septemba 1944. Askari waliandika bila malipo, kwa hiyo bahasha zao nyingi hazina stempu bali neno KENTTÄPOSTIA, yaani posta ya uwanja wa vita. Anwani haikuwa jina la mahali bali namba, na kwa orodha zilizochapishwa na watafiti namba hiyo humrudisha msomaji kwenye kikosi na mara nyingi kwenye eneo la mapigano.

Barua za raia, hasa za kwenda nje, zilifunguliwa na wakaguzi, zikafungwa tena kwa utepe wa karatasi na kupigwa muhuri wa ukaguzi. Utepe huo usiondolewe kamwe, hata ukiwa umechanika na unaudhi macho.

Katika sehemu ya Karelia Mashariki iliyotwaliwa na jeshi la Ufini tangu 1941 zilitumika stempu zenye maandishi ITÄ-KARJALA, na mji wa Petroskoi ukaonekana katika mihuri kwa jina la Äänislinna. Mihuri ya Viipuri nayo ina historia ya pekee: mji ulikabidhiwa kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1940, ukatwaliwa tena na Wafini mwaka 1941, ukapotea tena Juni 1944. Wafini wengi waliohamishwa, na watoto na wajukuu wao, hukusanya mihuri ya vijiji ambavyo havimo tena nchini mwao, na ushindani wao ndio unaopandisha bei ya bahasha ambayo kwa mgeni inaonekana ya kawaida kabisa.

Nibandue stempu kutoka kwenye bahasha ya zamani?

Hapana. Hata kama bahasha imechanika, ina doa la chai na mwandiko mbaya. Ukikata, kata tu baada ya mtu anayejua kuiona.

Nitatambuaje kitu cha bandia?

Kwa vitu vya thamani, huwezi kuwa na hakika peke yako, na si aibu. Vyeti hutolewa na wathibitishaji wanaotambuliwa, wakiwemo wanachama wa AIEP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa filateli, yaani elimu ya stempu na ukusanyaji wake. Cheti chenye picha ya kitu kizima ndicho cha kuaminiwa, na picha hiyo ilinganishwe na kitu chenyewe, ndimi kwa ndimi na doa kwa doa. Ikumbukwe pia kwamba serikali yenyewe ilichapa upya baadhi ya stempu na bahasha za mwanzo katika karne ya 19. Hizo si za kughushi, lakini si za asili pia, na huuzwa kwa bei yake ya chini.

Katalogi ipi itumike?

Norma ya Ufini ndiyo ya karibu zaidi na somo lenyewe. Facit ya Uswidi ni nzuri kwa bahasha na mihuri ya nchi za Nordiki, na Michel ya Ujerumani hutosha kwa anayeanza. Bei zilizomo ni za vitu vya hali nzuri. Bei halisi ya mnada huwa chini ya hapo kwa vitu vya kawaida, na inaweza kuwa juu sana kwa bahasha ambayo haina mfano. Katalogi hazijui kuuza bahasha.

Stempu za Åland zihesabiwe pamoja na za Ufini?

Kuanzia tarehe 1 Machi 1984 Åland hutoa stempu zake, na wengi huziweka katika albamu ya pekee. Kabla ya hapo, mihuri ya Åland ni sehemu ya Ufini na ni sehemu nzuri.

Nina fedha kidogo. Nianze na nini?

Chagua kitu kimoja chembamba. Bahasha za posta ya uwanja wa vita za kikosi kimoja, mihuri ya mji mmoja kutoka lugha tatu hadi lugha mbili, au stempu zilizochorwa na Signe Hammarsten-Jansson, mama yake mwandishi Tove Jansson, aliyeichorea posta ya Ufini kwa miongo kadhaa ukiwemo mfululizo wa simba wa mwaka 1930. Yoyote kati ya hayo yanawezekana bila kukopa. Usianze na 1856. Anayeanza na 1856 hununua vielelezo vitatu vyenye kasoro, hukata tamaa, na huwauzia wengine kasoro hizohizo. Makumbusho ya Posta, yaliyomo katika jengo la Vapriikki mjini Tampere, ni mahali pa kuona vizuri kile ambacho mfuko hauruhusu.

Ninaishi pwani. Nihifadhije?

Joto na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja ni adui wa gundi na karatasi kuliko baridi yoyote ya kaskazini. Stempu mpya zenye gundi hujibandika zenyewe kwenye kurasa, na bahasha hupata madoa ya rangi ya kutu yanayotokana na ukungu, ambayo hayaondoki. Tumia mifuko ya poliesta, si plastiki laini ya dukani yenye harufu, kwa kuwa hiyo hutoa mafuta yanayonyonya rangi. Weka albamu wima bila kuzibana, ndani ya sanduku lenye vifuko vya kufyonza unyevu, na uvikaushe au uvibadilishe kila msimu wa masika. Kila baada ya muda fungua upepo mkavu uingie. Usishike stempu kwa vidole. Kibanio chenye ncha bapa hakigharimu sana.

Je, kuna bahasha zinazounganisha Ufini na Afrika Mashariki?

Zipo, na ni uwanja ambao bado haujavunwa. Wamisionari wa Kilutheri wa Ufini walikwenda kwanza Ambo, kaskazini mwa Namibia ya leo, mwaka 1870, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaanza kazi Tanganyika pia. Baada ya uhuru waliongezeka watumishi wa miradi ya ushirikiano, hasa ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Barua zao za ndege kwenda nyumbani zina stempu za pamoja za Afrika Mashariki, kisha za Tanzania peke yake, na mihuri ya ofisi ndogo za posta ambazo leo hazipigi tena muhuri wa mkono.

Bahasha hizi hupatikana Ufini kuliko huku, katika masanduku ya wauzaji yaliyoandikwa Afrika tu, kwa kuwa wakusanyaji wa huko hutazama upande wa stempu za kwao. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa: anayatambua majina ya vijiji, anajua posta ipi ilihudumia misheni ipi, na anaweza kusoma mstari ulioandikwa kwa penseli nyuma ya bahasha na karani wa Newala au Masasi. Akiwa na rafiki au ndugu Helsinki au Tampere, amwombe apekue sanduku la Afrika kwanza, na aangalie nyuma ya kila bahasha kabla ya kuangalia stempu.